Kufuata Magulio ya Usambara, Nikimtafuta Muuaji

Jumatatu: Dar es Salaam hadi Soni

Nikiulizwa natoa wapi visa vya riwaya zangu za upelelezi, watu hutegemea nitaje mahakama, mochwari, au askari fulani ninayemjua. Nikisema sokoni, wanacheka, wanadhani nawakwepa. Haya, nitajie mahali pengine ambapo kila kitu kilichotandazwa mbele yako kimebeba habari za kilikotoka, nani alikishika na lini kilichumwa, halafu mwenye nacho anakuongopea kidogo huku anatabasamu. Mimi sijapaona. Na ushahidi wenyewe, ukishamaliza kuuchunguza, unaula.

Safari hii nimeamua kuzunguka Usambara Magharibi kwa kufuata magulio. Kule milimani kila mji una siku yake: Soni Jumanne, Mlalo Jumatano, Bumbuli Jumamosi, na Lushoto wenyewe Jumapili, ukiacha soko lao dogo la Alhamisi. Begani nina mkoba wa nguo na daftari. Kichwani nina riwaya iliyokwama. Dalali wa mbogamboga ameuawa mjini Lushoto usiku wa Ijumaa. Muuaji namjua, sababu nazitafuta, ila sina kitu cha kumkamatia. Simu na kamera sizitaki. Zimetuharibia kazi, mpelelezi wa siku hizi hafikiri tena, anasubiri mtu wa kompyuta amletee jibu.

Basi lilitoka Stendi ya Magufuli kabla ya jua. Segera wachuuzi wakanyanyua nyavu za machungwa ya Muheza hadi usawa wa madirisha. Nikanunua, ingawa jirani yangu alinionya kwamba ni mabichi kwa sababu maganda yalikuwa ya kijani. Yalikuwa matamu ya kuchuruzika hadi kiwikoni. Chungwa la pwani huiva likiwa kijani; ganda linahitaji usiku wa baridi ndipo ligeuke rangi, na Muheza baridi hiyo haipo. Nimeliandika hilo daftarini: rangi ni shahidi wa hali ya hewa, si wa kuiva.

Kutoka Korogwe mkonge unaanza kukusindikiza pande zote mbili za barabara. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba miche ilisafirishwa kwa magendo ikiwa imefichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Kisa kama hicho ningekiandika mimi, mhariri wangu angekikata.

Mombo joto ni la kuchemsha. Nikaingia kwenye Noah ya kupanda mlima, watu tumebanana, kuku mmoja miguuni, na kila kona tuliyokata madirisha yalizidi kufungwa. Soni nimeshukia kwenye ubaridi wa kuvaa sweta. Nimekula ugali na maharage, nalala.

Jumanne: Soni

Kabla hata ya chai njia zote zinazoshuka kutoka vijijini zilikuwa zimejaa kanga na mizigo ya kichwani. Wanawake ndio wengi. Wanatembea kwa haraka ya ajabu kwa watu waliobeba uzito ule, na wanapiga soga njia nzima. Ilipofika saa tatu palikuwa hapapitiki: karoti, kabichi, viazi mviringo, hoho, liki, nyanya, maharage ya rangi zisizo na idadi, mapeasi magumu ya kutafuna kwa kelele, na katikati ya vyote hivyo ndoo za plastiki, mitumba na sumu ya panya. Sumu ya panya niliipita bila kusimama. Waandishi wote wameshaitumia.

Nilisimama kwa mama mmoja wa njegere, mtu mzima, kanga ya pili ameifunga kiunoni kikazi.

"Onga maundo, mama."

Alikicheka Kisambaa changu cha kuokoteza. "Karibu, dada. Njegere hizi. Zimechumwa jana jioni."

"Nitajuaje kama ni jana?"

Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Aliniangalia, akachukua maganda mawili, akayasogeza karibu na sikio langu na kuyasugua pamoja. Yakalia, mlio mwembamba wa kukwaruza. Akatia mkono ndani ya kiroba kilichokuwa nyuma yake, akatoa mengine mawili, akasugua. Kimya.

"Hizi ni za Jumamosi, zilibaki," akasema, bila aibu yoyote. "Naziuza bei yake. Sasa onja."

Akapasua ganda bichi kwa kidole gumba. Likafunguka kwa mlio. Punje zilikuwa zimejipanga zimebanana, kila moja bado imeshikwa na kikonyo chake, na ngozi yake inang'aa kwa unyevu. Niliitafuna mbichi: tamu, tamu ya sukari kabisa. Kisha akanipa punje ya Jumamosi. Kwa macho zilifanana. Mdomoni hii ya pili ilikuwa unga.

Wataalamu wa mazao wanakieleza kisa hicho vizuri. Njegere ikishachumwa haifi papo hapo. Inaendelea kupumua, inaitumia sukari yake, na sukari nyingine inageuka wanga. Mahindi mabichi ni hivyo hivyo. Joto linaharakisha, baridi inachelewesha. Mama yule hakuhitaji maelezo yangu. "Huku kwetu baridi inazitunza," alisema. "Zikishuka Mombo, mchana mmoja tu zimekwisha."

Nikanunua kisado kizima, mtu nisiye na jiko. Nimemwachia mama lishe wa jirani anipikie kwa nazi, na amenipikia kwa kitunguu na karoti tu, akidai nazi ingezifunika. Kwa njegere za jana jioni, yuko sahihi.

Mchana nilikaa barabarani kutazama magunia yakifungwa. Kijana anajaza viazi hadi mdomoni, anatikisa, anajaza tena, halafu anaongeza kilemba juu, kipande kizima cha wavu kilichosimama nje ya gunia, anakishona kwa kamba ya katani kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamehubiri hivyo miaka na miaka. Lakini mnunuzi hulipia gunia, si kilo, na kilemba ni cha bure. Mkulima aliyesimama kando alikuwa anatazama kilemba kikipanda, taya zimembana. Sababu ya kumuua dalali nilikuwa nayo hapo hapo, na iliyo wazi mno: msomaji ataishika ukurasa wa kumi. Nitamtumia mkulima huyo kupoteza watu njia.

Jumatano: Mlalo

Nimeondoka gizani. Lushoto nikabadilisha gari. Mlalo umelala bondeni, na una nyumba za udongo zenye ghorofa na roshani za mbao ambazo ningependa siku moja nimweke mzee mmoja tajiri mwenye warithi wabaya.

Nilichokuja kukitafuta hapa ni viazi. Kiazi mviringo kikikaa kwenye mwanga kinaota ukijani, na pamoja na ukijani huo kinaongezeka solanini, sumu inayouma tumbo na kutapisha, na kuipika hakuimalizi. Kwa hiyo wachuuzi wazuri hufunika viazi vyao kwa gunia hata kama jua ni la kupapasa. Nilimwona mzee mmoja anainua pembe ya gunia kwa kila mteja, anauza, anafunika. Nikamsogelea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, hivi vikiwa vya kijani, mtu ale vingapi ndipo afe?"

Aliweka gunia chini taratibu. "Una ugomvi na nani?"

Nikajieleza kwamba mimi ni mwandishi, natunga vitabu vya mauaji, na mauaji yangu ni ya karatasini. Akafikiri kidogo. "Basi andika kwamba mwaka huu bei ya viazi imeshuka," akasema, "na huyo aliyeishusha, mwue wewe." Kisha akanichagulia viazi vizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, nadhani kwa tahadhari.

Solanini nimeiacha, kwa sababu ni chungu na mlaji angetema. Hasara ya mbinu nyingi za sumu ya chakula ni hiyo hiyo. Maharage mekundu yasiyoiva yanaweza kumlaza mtu vibaya, lakini dakika kumi za kuchemka barabara zinamaliza habari, na mpishi wa Kitanzania huyachemsha nusu siku. Muhogo mchungu una sianidi, lakini kila bibi anajua kuuloweka na kuuanika. Mpishi akiwa mzuri, muuaji wa jikoni ana kazi ngumu, na milima hii imejaa wapishi wazuri. Dalali wangu atauawa kwa jiwe la mizani. Inatosha.

Kitu kikubwa cha leo kilikuwa kingine. Muuza ndoo wa Soni nilimkuta Mlalo, amekaa na mpangilio ule ule, nyekundu mbele, bluu nyuma. Muuza chumvi pia. Mwuza mitumba naye akanipungia mkono kana kwamba tumesoma wote. Watu hawa wanazunguka na magulio, kila mmoja ana kipande chake cha ardhi kisicho na alama yoyote, na wenzake wanakijua kwa inchi. Nikauliza: mtu asipokuja? Wakaniambia mahali pake patabaki wazi hadi saa nne, kisha wataanza kuulizana: anaumwa, ana msiba, au amekamatwa?

Maana yake ni kwamba mchuuzi wa magulio hawezi kupotea. Ukimwuliza alikuwa wapi siku fulani, watajibu watu mia kabla yake. Kwa muuaji mwerevu, hicho ni kinga tosha: ahakikishe tu kwamba Jumamosi asubuhi amekaa mahali pake Bumbuli, magunia yamejaa.

Alhamisi: Lushoto

Soko dogo, na mvua nyepesi ya kuudhi. Nimeshinda karibu na meza ya mkusanya ushuru. Anabonyeza mashine, inatoka karatasi ina tarehe, saa, aina ya mzigo na kiasi. Karatasi ndogo ya aina hiyo, iliyosahauliwa mfukoni, ni bora kuliko kamera kumi.

Ushuru wenyewe ndio ulionipa sababu ya mauaji niliyokuwa naitafuta. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, na ikaufuta kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni nafuu nzuri kwa mkulima mdogo. Sasa weka dalali asiye mkulima, mwenye tani nane, anayeugawa mzigo wake kwa majina ya watu wanane kila wiki. Mmoja wa wanane hao akagundua kwamba jina lake limebeba viazi vingi kuliko alivyowahi kulima maisha yake yote, na hakupata hata senti. Huyo hatasahau.

Ijumaa: Irente

Leo hakuna gulio la maana kwangu, kwa hiyo nimetembea hadi Irente. Kanisa la Kilutheri lina shamba pale, wanauza jibini, jamu na mkate mweusi mzito. Nimekaa na vyote vitatu na daftari, nimeandika kurasa nyingi na kula zaidi ya nilivyoandika. Kule ukingoni mlima unakatika ghafla. Nyika ya Mazinde iko chini karibu mita elfu moja. Kila mgeni anayefika pale husema maneno yale yale kuhusu mandhari. Mimi nilitazama nikawaza kwamba riwaya yenye mtu anayesukumwa kutoka hapo haina mashiko, kwa sababu watalii hawakuachi peke yako hata dakika tano.

Jumamosi: Bumbuli

Barabara ya kutoka Soni inapita kwenye mashamba ya chai, halafu migomba, halafu chai tena. Gari lilijaa hadi kondakta akasafiri akiwa nusu nje.

Gulio la Bumbuli nimelipenda kuliko yote. Ni la wakulima wenyewe zaidi; mtu ana mafungu matano ya mboga na mkungu mmoja wa ndizi, akiuza vimekwisha anarudi kwake. Hapa unaweza kuuliza shamba liko wapi na ukaonyeshwa kwa kidole, mlima ule pale, mti ule mkubwa, chini yake. Fungu la karoti shilingi 1,000, bado zina udongo. Usizikatae kwa udongo wake. Karoti iliyooshwa inapendeza machoni, lakini haikai. Na iliyoachiwa majani yake inanyonywa maji na majani hayo mpaka inalegea. Karoti ya kununua ni chafu na imekatwa kichwa.

Maparachichi nilifundishwa na binti wa umri wa shule ya msingi aliyekuwa anamsaidia bibi yake. "Hili la leo, hili la Jumatatu, hili la Alhamisi," alisema, akibonyeza kwa kiganja, si kwa kidole, maana kidole kinatia jeraha jeusi. Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa tu, na kuiva kunaanza likishachumwa. Ndiyo maana binti anaweza kukupangia wiki nzima. Nikamwuliza kwa nini yote yameachiwa kipande cha kikonyo. "Likitoka, linaozea hapo." Nimenunua la leo, nikalikatia juu ya sahani ya makande ya moto kwa mama lishe, chumvi kidogo na ndimu. Sitaki kusikia habari za hoteli.

Baada ya kula nilikwenda kusimama mahali ambapo muuaji wangu angekaa. Namwita tu yeye, bado hana jina. Anawaambia polisi kwamba Ijumaa yote hadi usiku alikuwa shambani kwake, juu ya Bumbuli, akichuma njegere. Ushahidi? Magunia manne yamejaa, Jumamosi alfajiri, mbele ya watu mia. Haiwezekani kuchuma magunia manne na wakati huo huo kuwa Lushoto unampiga mtu jiwe la mizani. Mpelelezi wangu, mama wa makamo anayeuza mboga, anachukua maganda mawili, anayasugua kando ya sikio. Kimya. Njegere za Jumatano. Kwa hiyo Ijumaa nzima ilikuwa yake.

Nilijiona mjanja sana njia yote ya kurudi.

Jumapili: Lushoto

Gulio kubwa. Malori yamepanga mstari, Fuso kwa Fuso, yanapakiwa kwenda Dar es Salaam. Matenga ya nyanya yanatandikwa majani ya mgomba ndani, nyanya ngumu zinatangulia chini, laini zinakaa juu. Wabebaji wanapita wakipiga kelele za kutaka njia, na ukizubaa unapigwa na kabichi.

Mama wa njegere wa Soni alikuwepo, kanga ile ile kiunoni. Nikamnunulia chai, nikamsimulia kisa changu chote: dalali, magunia manne, maganda yasiyolia. Alisikiliza huku anauza, wala hakukosea chenji hata mara moja.

"Huyo muuaji wako mjinga," akasema mwishoni.

"Kwa nini, mama?"

"Muuza njegere gani anaacha maganda yanyamaze? Usiku angezinyunyizia maji akazifunika gunia bichi. Asubuhi zinalia hizo kama za jana."

Nikaweka kikombe chini. Ganda lililolegea limepungukiwa maji tu. Ukilirudishia, linakakamaa tena, kama si lote basi la kutosha kumdanganya mteja mwenye haraka. Mlio wangu wa mahakamani ulikuwa umekufa pale pale kwenye benchi la chai.

"Basi nimekwama tena."

"Umekwama wapi? Si ulionja mwenyewe Soni?" Akampimia mteja kisado, akasawazisha juu kwa kiganja, akaongeza konzi moja ya nyongeza. "Maji yanaingia kwenye ganda. Sukari ataitoa wapi? Aonje huyo mpelelezi."

Mambo yakazidi kunoga. Muuaji anakuwa mwerevu wa kunyunyiza maji, polisi wanasugua, maganda yanalia, wanamwachia aende zake. Halafu mama mmoja anayejua njegere anatia punje moja mdomoni, bila kusema kitu, na anaomba aonyeshwe karatasi za ushuru za wiki nzima. Nilikuwa naandika kwa kasi hadi chai ikapoa.

"Na alimuuzia nani?" mama akauliza.

"Nani?"

"Hizo gunia nne. Mtu amenunua njegere za Jumatano kwa bei ya za jana, amefika nazo kwake, amepika, zimetoka unga. Unadhani huyo atanyamaza? Jumanne asubuhi yuko Soni anamtafuta aliyemuuzia, na anapiga kelele kila mtu asikie. Mtafute huyo kwanza."

Sikuwa nimemfikiria kabisa. Mwenye hoteli ndogo, nadhani, au mpishi wa shule ya bweni, mtu wa hasira za karibu. Nimemlipa mama kisado cha kwenda nacho Dar, nikamwomba anifungie za leo. Akanitolea za leo, kisha akasugua mawili mbele yangu bila kuombwa, tukacheka wote. Kondakta wa gari la Mombo alikuwa anaita, na nilikuwa bado sijanunua karoti.